Mwaka Tulioezeka Boti

Tulimzika Nahodha Kamuli pale Kalangalala, Geita mjini, nyumbani kwa mwanawe, kwa sababu uzee ulimtoa ziwani ukampeleka kuishi kwenye vumbi. Nilikaa mkekani na wanawake wenzangu, nikala wali wa msiba, nikasikiliza wasifu wa marehemu. Kijana aliyeusoma alisoma vizuri, hakukwama popote. Alisema marehemu aliendesha boti ya zahanati miaka mingi na hakumpoteza abiria hata mmoja. Hiyo ni kweli, nikatikisa kichwa kukubali. Akasema pia kwamba marehemu ndiye aliyebuni namna ya kuituliza boti ile ilipokuwa inataka kupinduka. Hapo nikaacha kutikisa kichwa. Sikusema neno, maana msibani si mahali pa kusahihisha watu, na marehemu hana mdomo wa kujibu. Lakini angekuwa hai Kamuli mwenyewe angekohoa. Alikuwa mkaidi, alikuwa na matusi ya kutosha kijiji kizima, ila hakuwa mtu wa kujichukulia jambo la mwenzake. Nimerudi nyumbani nimekaa na daftari, na nitayaeleza mambo yalivyokuwa.

Mwaka wenyewe ni ule uliofuata baada ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Sisi tuliwekwa karibu na mwalo, ufukwe wa kuegesha mitumbwi, tukiwa wakulima wa pamba na wachunga ng'ombe tusiojua maji isipokuwa ya kunywa. Serikali ikatujengea zahanati ya vyumba vitatu: kimoja cha Daktari Tito, kimoja cha wagonjwa, kimoja cha dawa. Jiko lilikuwa limeegemezwa ubavuni, ukuta mmoja na chumba cha Daktari, na ukuta huo haukufika juu. Mimi nilikuwa mpishi. Nilikuwa mwanamke mwenye umri wa miaka ishirini na ushee, nimesoma madarasa mawili tu, na kusoma kwenyewe nilikuwa ndiyo nakukumbuka upya katika darasa la watu wazima jioni. Asubuhi nilipika uji, mchana ugali wa muhogo na furu wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, na siku za njaa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga. Kwa kuwa ukuta ulikuwa mfupi, kila neno lililosemwa kwa Daktari lilidondokea kwenye sufuria yangu. Watu wananiuliza nilijuaje mambo mengi. Nilikuwa nasonga ugali, masikio hayakuwa na kazi.

Boti ililetwa kutoka Mwanza mwaka huohuo. Ilikuwa ya mbao, ndogo, watu kumi wakikaa wanabanana, na injini ya kupachika nyuma ambayo Kamuli aliiwasha kwa kuvuta kamba. Yeye alikuwa Mzinza, alizaliwa na kasia mkononi, na alituona sisi Wasukuma wa pamba kuwa ni ng'ombe waliovaa nguo. Kazi ya boti ilikuwa kuvuka kwenda kisiwani Lubungo na kuleta wagonjwa, na wajawazito waliolemewa. Daktari aliagiza kwamba akiletwa mwanamke, lazima mwanamke mwenzake awe ndani ya boti. Mwanamke aliyekuwepo alikuwa mimi. Hivyo ndivyo mpishi alivyoanza kupanda boti.

Mwanzoni boti ilikuwa wazi kama bakuli. Mwezi wa masika tulikwenda kumchukua mke wa mvuvi mmoja, akiitwa Leokadia, uchungu umemshika tangu jana yake. Katikati ya ziwa mvua ikatukuta, ile mvua ya kule inayokuja imesimama kama ukuta. Mtoto hakungoja. Nilimpokea kwa mikono yangu, maji yakituchapa wote watatu, kanga zote mbili nilizokuwa nazo zimeloa kabla sijazifungua. Kamuli alivua koti lake akatutupia, nalo lilikuwa limeloa vilevile. Mtoto aliishi siku mbili. Daktari aliandika kwamba amekufa kwa baridi. Leokadia hakunilaumu, alinishukuru hata, na hilo ndilo lililonikasirisha. Asubuhi ya tatu nilipeleka chai kwa Daktari, nikaiweka mezani, nikabaki nimesimama. Nikamwambia, "Daktari, boti ile inataka paa." Akasema ataandika barua. Kesho yake nikapeleka chai nikasimama tena. Nilisimama pale siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili akasema, "Mama Lukasi, nimemwita fundi. Sasa niache ninywe chai."

Fundi mwenyewe alitoka Kagongwa, akiitwa Masanja, mtu mnene, mpole, aliyesifika kwa kutengeneza mikokoteni ya ng'ombe. Mkokoteni wa Masanja ulibeba pamba mpaka Shinyanga na kurudi bila kulegea msumari. Alipokuja alizunguka boti mara mbili, akaigonga kwa vidole, akaniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, mbao hizi ni laini. Paa nitalifanya la kukaa." Akaleta mninga. Akasimamisha nguzo sita nene kama za ghala, ndefu kiasi kwamba mtu mrefu alisimama wima ndani na kofia yake. Juu akapiga mabati, si mepesi, yale ya zamani mazito yaliyotoka kwenye nyumba za mgodini Geita baada ya mgodi kufungwa. Kwa fundi wa mikokoteni, kitu kizito ndicho kitu imara, na sisi sote tulikuwa watu wa mikokoteni. Tulisimama mwaloni tukasifu. Kisha kila mtu akaona kwamba juu ya paa kumebaki nafasi. Pipa la petroli lilikuwa linawatapisha wagonjwa kwa harufu, likapandishwa juu, likafungwa kamba. Machela ikafuata. Sanduku la dawa likafuata, lisiloe. Nanga ikafuata, kwa sababu ilikuwa inaumiza miguu ya watu. Boti ikawa kama mwanamke anayehama nyumba peke yake. Kamuli alitazama, akatema mate majini, akasema, "Ng'ombe wamejenga zizi juu ya maji." Tukamcheka. Tulidhani ana wivu.

Safari ya kwanza tulikuwa saba. Asubuhi ziwa lilikuwa limelala na boti ilikwenda vizuri, nami nilikaa chini ya paa langu nikajiona mtu. Kurudi, mchana, upepo ukaanza. Si upepo mkubwa, ni ule wa kila siku. Zamani wimbi likija boti iliruka kama mbuzi na kurudi palepale. Safari hii wimbi lilipotupiga ubavuni boti iliinama polepole, ikafika pale ambapo ingepaswa kurudi, na haikurudi. Ilikaa. Ilikaa kama mtu aliyeulizwa swali gumu. Juu ya vichwa vyetu nikasikia pipa, lililokuwa limefikia nusu, likisema kobo, kobo, na kila liliposema hivyo tukaongeza kuinama. Mzee mmoja mgonjwa wa tumbo akaanza kusali Salamu Maria, akairuka katikati akaenda moja kwa moja kwenye "saa ya kufa kwetu". Kamuli akafoka, "Laleni chini! Laleni wote upande wangu, msisimame!" Tukajitupa upande wake kama magunia. Boti ikafikiri, ikarudi, ikapitiliza upande wa pili, ikarudi tena. Tulifika mwaloni tumeshikana mikono. Sanduku la dawa lilibaki ziwani, na mpaka leo liko huko.

Jioni ile nilikuwa natwanga karanga na sauti zikaja juu ya ukuta. Kamuli alikuwa wa kwanza. "Daktari, kesho nang'oa lile zizi. Na nikikataliwa, mtafuteni dereva wa mkokoteni aendeshe." Masanja akajibu kwa upole wake, "Paa langu halijalegea hata msumari, mzee. Kama boti imeyumba, basi kuyumba ni kwa boti." Kamuli akasema, "Ndiyo, paa halitalegea. Litatuzamisha likiwa imara." Nikasikia Daktari akifungua droo ya meza. Kisha akasema jambo ambalo lilinifanya niache mchi ndani ya kinu. Kulikuwa na barua. Mkaguzi wa vyombo vya majini atakuja baada ya wiki mbili, na boti atakayoiona haifai itarudishwa Mwanza ipewe watu wengine. "Hatuwezi kubahatisha," Daktari akasema. "Paa litoke. Mvua ni mvua tu, watu watavumilia."

Niliingia na mikono yangu ya karanga. Sikubisha hodi. Sasa hivi nikiwa bibi naona vijana wanavyoingia ofisini wakiomba radhi kwa kuzaliwa, na nakumbuka kwamba hata mimi nilitamani kugeuka nirudi jikoni. Lakini nilikuwa nimempokea mtoto yule kwa mikono hii. Nikasema, "Shikamoo, Daktari. Shikamooni, wazee." Wakaitikia marahaba kwa mshangao. Nikasema, "Mvua haikuwa mvua tu kwa Leokadia. Paa lisitoke. Nipeni siku nne, na kama boti itakuwa bado inalewa, nitaling'oa mwenyewe kwa shoka." Kamuli akacheka mpaka akashika mbavu. "Mpishi atatufundisha ziwa." Nikamwambia, "Ziwa sijui, Nahodha. Mzigo naujua. Nimebeba maji kichwani tangu nina miaka mitano. Wewe umewahi kubeba?" Akaacha kucheka. Mwanamume wa kule habebi maji kichwani, na hakutaka kusema hivyo mbele ya watu.

Nikawatoa nje hadi kwenye pipa la maji ya kuoshea. Nilichukua kata ya kibuyu nikaiweka majini, ikaelea na kucheza. Nikamwambia Masanja aiinamishe kwa kidole. Ikarudi. Nikasimamisha mwiko wa ugali ndani yake, kichwa juu, nikaushikiza kwa bonge dogo la ugali. Aliigusa tu, ikapinduka. "Hilo ndilo paa lako," nikamwambia. Kisha nikaufupisha mwiko kwa kuukata kwa panga, mwiko mzuri, bado nauonea huruma, nikaweka bonge kubwa la ugali chini kwenye kitako cha kata. Akaigusa, ikainama, ikarudi. Akaigusa tena kwa nguvu. Ikarudi. Masanja alichuchumaa pale akaigusa kama mara ishirini, uso wake umekunjamana kama wa mtoto anayejifunza kuhesabu. Akasema, "Mayu, mkokoteni una magurudumu, unasimama wenyewe. Kumbe hiki hakina." Kamuli akasema, "Sasa ndiyo umeamka."

Kazi ya kwanza ilikuwa kushusha. Kila kilichokuwa juu kilishuka, na nilisimama chini nikahesabu kimoja kimoja. Pipa nililikataa kabisa. Mwanamke yeyote anajua kwamba ndoo iliyojaa inatulia kichwani, na ndoo nusu inakuchezesha shingo na kukulowanisha mgongo, ndiyo maana tunatia majani juu ya maji. Petroli nayo ni maji. Boti ikiinama, petroli inakimbilia hukohuko kuisaidia kuanguka. Tukaitia kwenye madebe madogo, yamejaa pomoni, yamefungwa chini nyuma karibu na injini, na debe moja tu ndilo lifunguliwe kwa wakati mmoja. Kisha nikamwambia Masanja akate nguzo. Aliuliza akate wapi, nikamwonyesha hapa, kifuani pangu. Akasema, "Hilo ni banda la kuku, mayu. Mtu hatasimama." Nikamwambia, "Mwenye uchungu hasimami, amelala. Mgonjwa hasimami, amekaa. Anayetaka kusimama abaki nchi kavu." Akaondoa mninga wa juu akaweka mianzi, akatoa yale mabati mazito akatafuta mepesi, na kila alichokitoa alikitazama kama anayezika ndugu.

Boti ikatulia kidogo, lakini ilikuwa bado inafikiri kabla ya kurudi. Ilihitaji bonge la ugali chini. Kamuli alitaka mawe, lakini mawe ya kutosha yangejaza sakafu yote na wagonjwa wangekaa juu yake kama mijusi. Ndipo nikakumbuka vyuma. Mgodi wa zamani wa dhahabu pale Geita ulikuwa na pipa kubwa la kusagia mawe, na ndani yake vilizunguka vyuma vya mviringo, vizito, ukubwa wa chungwa. Mgodi ulipofungwa kila aliyekuwa kibarua alirudi nyumbani na chake. Hakukuwa na jiko katika vijiji vyetu lisilokuwa na chuma cha mgodini, cha kupondea karanga, cha kuzuia mlango, cha kumtishia mume. Jumapili baada ya misa nilisimama mlangoni mwa kigango nikawaambia wanawake, "Leteni vyuma vyenu mwaloni. Ni kwa ajili ya paa la boti. Asiye na chuma alete nguvu." Mama mmoja akauliza, "Na karanga nitapondea nini?" Mwenzake akamjibu, "Pondea kichwa cha bwana yako, ni kigumu vilevile."

Walikuja Jumatatu kwa mstari, na nikifumba macho bado nauona mstari ule. Waliteremka njia ya mwaloni, kila mmoja na chuma chake kichwani juu ya ngata ya kitambaa kilichosokotwa duara, wengine wa mbali kabisa wa upande wa Kharumwa walioolewa kwetu, wakiimba. Chuma cha mviringo, kinang'aa kwa mafuta ya karanga, kimekaa kichwani bila mkono. Walipofika wanaume walivipokea, wakavimwaga ndani ya boti chini ya sakafu, vikaingia kwa kishindo kama radi ya karibu. Ngata zikatupwa mchangani, rundo zima. Vilikuwa zaidi ya mia. Boti ikakaa chini majini ikawa nzito na nzuri, na wanaume wakapongezana. Nami nilifurahi, sitasema uongo. Hakuna aliyeona tulichokosea. Kamuli akapanda ili aonyeshe watu. Akaweka mguu mmoja ukingoni, mkono kiunoni.

Vyuma vikaondoka. Vyote. Vilibiringika upande aliosimama kwa sauti moja, boti ikalala, na Nahodha Kamuli, aliyezaliwa na kasia mkononi, akaingia ziwani kwa kichwa mbele ya kijiji kizima. Maji yalikuwa ya kiunoni. Aliibuka na kofia imegeuka na gugu limemning'inia sikioni, akasema maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye daftari hili. Wanawake walianguka mchangani kwa kicheko. Masanja hakucheka, alikuwa mtu wa adabu, lakini alikwenda kusimama nyuma ya mti mabega yakimtikisika. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu siku. Hiyo ilikuwa ya tatu, na Daktari alikuwa amesimama pale juu na koti lake jeupe, na niliona ameshaamua. Akaniita, "Mama Lukasi, tumejaribu." Kwa sauti ile ile ya mvua ni mvua tu.

Niliketi mchangani nikatazama mbele yangu, na kilichokuwa mbele yangu ni lile rundo la ngata. Nilitazama kwa muda mrefu kuliko inavyostahili. Wanawake mia moja walikuwa wametembea na vyuma vya mviringo juu ya vichwa vya mviringo, wamepanda vilima na kushuka, na hakuna hata kimoja kilichobiringika. Kisha tukakitoa kitu kwenye ngata na kukitupa kwenye mbao tupu, tukategemea kitulie. Nikasimama. Nikawaambia wanawake, "Acheni kucheka, rudisheni ngata zenu."

Tulifanya kazi siku ile na siku ya nne nzima. Zile za vitambaa nilizikataa, zingeoza. Tukasokota nyingine za katani, ngumu, za kukamata. Tukazipanga chini ya sakafu safu kwa safu kutoka mbele hadi nyuma, katikati kabisa juu ya uti wa boti, Masanja akapigilia kila moja kwa misumari miwili, na kila chuma kikakaa kwenye ngata yake kama yai kwenye kiota. Juu tukatandaza nyavu kuukuu tulizopewa na wavuvi, tukazifunga kwenye mbavu za boti pande zote. Kamuli alipima ukingo kutoka majini kwa shubiri. Zilikuwa mbili na nusu. Akasema, "Tatu, au siendi. Boti inayokaa chini sana haipinduki, inajaa tu." Hilo lilikuwa lake, na alikuwa sahihi, na tulitoa vyuma kumi na tisa mpaka zikafika tatu. Wenye vyuma hivyo walivirudisha jikoni. Jioni akapanda, akaweka mguu ukingoni palepale alipoangukia. Boti ikainama kidogo, ikamrudisha. Akajirusha kwa nguvu. Ikamrudisha. Alinitazama, akanivulia ile kofia yake iliyokuwa haijakauka.

Mkaguzi alikuwa mtu mwembamba mwenye soksi nyeupe, na alikuja siku ya upepo. Alivua viatu akaviweka juu ya jiwe, soksi ndani yake. Alipima paa, akapima ukingo, akafungua sakafu akatazama ngata zetu kwa muda, akafunga. Kisha akaagiza wanaume kumi wazito wapande na wakae wote upande mmoja. Wakapanda mmoja mmoja, Masanja wa mwisho, na boti ikainama, ikainama, nikaona maji yakiukaribia ukingo, shubiri moja, vidole vinne. Nilishika mkono wa mama aliyekuwa pembeni yangu na baadaye alinionyesha alama za kucha. Ikasimama pale. Haikuongeza. Mkaguzi akasema, "Shukeni kwa pamoja, rukeni." Wakaruka wakatumbukia majini wote kumi, na boti ikainuka kama mtu aliyetuliwa mzigo, ikayumba mara mbili, ikatulia. Vigelegele vilivyopigwa pale vilisikika kisiwani, watu wa Lubungo wenyewe walisema hivyo.

Akauliza ni nani aliyepanga vyuma. Kamuli angeweza kusema kwamba ni yeye nahodha, na mkaguzi angeandika, na mimi nisingebisha. Alisema, "Muulize mpishi." Mkaguzi akaniuliza, nikamweleza, kuhusu ndoo na ngata na mwiko niliokata. Aliandika yote, akipiga mstari chini ya maneno fulani. Mwisho akasema boti itabaki, lakini kwa sharti moja, na akanielekezea kalamu mimi si Daktari. "Juu ya paa hili asipande mtu wala kitu. Siku nikisikia amepanda mtu, nakuja kuichukua."

Haukupita mwezi. Ujumbe ulikuja asubuhi kwa mtumbwi kwamba kuna mama Lubungo ameshikwa na uchungu. Siku hiyohiyo alikuwa amekuja kiongozi mmoja kutoka wilayani, mtu mkubwa wa mwili na wa cheo, ana kipaza sauti cha mkononi, akaomba tumpeleke awahutubie wavuvi. Tulipofika mwaloni na begi la kujifungulia tulimkuta ameshapanda. Amekaa juu ya paa, miguu inaning'inia, kipaza sauti mapajani, anapungia watu. Mianzi ilikuwa inalia. Daktari aliona akainamisha macho, akaanza kutafuta kitu mfukoni. Mkubwa alikuwa mkubwa siku zile.

Nikasema, "Shikamoo, mheshimiwa. Shuka."

Akaniitikia marahaba. Akasema, "Hapa juu wananchi wataniona vizuri, mama."

"Watakuona ukishuka. Kuna mwenzangu ana uchungu kule. Boti hii haiendi na mtu juu."

Akatabasamu kwa Kamuli, kama wanaume wanavyotabasamu. "Nahodha ni nani hapa?"

Kamuli alikuwa ameshika kamba ya injini. Akaiachia, akaketi, akatoa tumbaku yake. "Nahodha ni mimi, mheshimiwa," akasema. "Lakini paa ni lake."

Alishuka. Ilimchukua muda kwa sababu ya suruali, na Kamuli hakumpa mkono. Tulivuka kwa mwendo mzuri, tukampakia yule mama, kiongozi naye akapanda tena bila kuhutubia maana hatukuwa na muda wa kumngoja, na kabla hatujafika nusu ya njia ya kurudi mvua ikatusimamia kama ukuta, na upepo nao. Wimbi likaja ubavuni. Boti ikainama, ikarudi. Likaja jingine, ikarudi, ikarudi, ikarudi, mpaka nikaacha kuhesabu kwa sababu mtoto alikuwa anatoka. Nilimpa kiongozi kanga ashike kama pazia, akaishika kwa mikono yote miwili, ameinama chini ya paa letu la kuku, uso ameuelekeza ziwani, na hakugeuka hata mara moja. Namheshimu kwa hilo. Mvua ilipiga mabati kwa kelele hata sikumsikia mtoto alipolia, nilimwona tu mdomo.

Mwaloni nilishuka wa kwanza. Nilimfunika mtoto kwa mwili wangu hatua zile chache hadi mlangoni. Daktari Tito alimpokea, akamfungua, akampapasa kichwa na mgongo, akanitazama mimi niliyekuwa natiririka maji sakafuni.

"Huyu mmemzalia wapi?" akauliza. "Mkavu kabisa."

Nikamwambia tumemzalia ziwani, chini ya paa.